Mama Yangu Alikuwa Amekaa na Sanamu

Kabla ya yote nikuambie hivi: mimi sinywi pombe, sijawahi kuumwa akili, na siku ile nilikuwa nimeshiba. Nataja kushiba kwa sababu mchungaji wetu, alipomaliza kunisikiliza, swali lake la kwanza lilikuwa kama nilipanda kilima kile nikiwa na njaa. Nilikuwa nimekunywa chai ya maziwa na chapati mbili. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, hakuna hata wingu, na nilichokiona nilikiona kama unavyoviona vidole vyako sasa hivi. Usiponiamini sitagombana na wewe. Mimi mwenyewe nimejaribu sana kutoamini na nimeshindwa.

Ninaishi Nyakato. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, nakata minofu ya sangara, nimesimama ndani ya mabuti kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mwezi ule samaki walikuwa wameadimika ziwani, wakatuambia tukae nyumbani wiki nzima. Siku ya kwanza nililala. Siku ya pili nikafua kila kitu mpaka mapazia. Siku ya tatu binti yangu Neema, ambaye yuko kidato cha pili, akanitazama ninavyozunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, akasema, "Mama, hivi wewe umewahi kwenda mahali kutembea tu? Bila msiba, bila harusi?"

Nikafikiri. Sikuwahi.

"Nenda kule kwenye sanamu," akasema. "Kule shule ilikotupeleka. Utapapenda."

Basi kesho yake nikavaa gauni la Jumapili, nikaenda peke yangu.

Jina la kilima sitalitaja, maana wanaokitunza hawana kosa lolote na sitaki wakose wageni kwa ajili yangu. Ni mbele ya Kisesa, unaiacha lami, unachukua bodaboda kwenye njia ya vumbi katikati ya mashamba ya pamba. Kilima chenyewe ni kama vilima vyote vya huku kwetu, mawe makubwa yamebebana, utadhani kuna mtu alikuwa anayapanga akaitwa kabla hajamaliza. Mzee mmoja mchongaji, siku hizi ni marehemu, alianza kuchonga sanamu humo humo kwenye mawe, na wanafunzi wake wakaendeleza. Ni makumbusho, lakini hayana ukuta wala paa. Sanamu zinanyeshewa na kupigwa na jua kama mbuzi.

Getini nilimkuta mtunzaji, mwanamume wa miaka kama arobaini aitwaye Maduhu, amevaa kofia ya majani. Akanipa daftari la wageni niandike jina.

"Peke yako, dada?"

"Peke yangu."

"Huwa hawaji peke yao huku," akasema. "Wanakuja na watu wa kuwapiga picha." Akacheka. Nikacheka na mimi. Nakwambia hivyo ujue kwamba nilipanda kilima kile nikiwa na moyo mweupe kabisa.

Na ni pazuri, sitasema uongo. Kuna mpiga ngoma aliyechongwa na mishipa ya shingo imemsimama. Kuna mcheza ngoma mwenye chatu mabegani, na chatu yule anamtazama usoni kama mtu anayetaka kumwambia siri. Kuna mamba aliyetoka nusu tu, nusu nyingine bado ni jiwe. Nilimgusa pua, ilikuwa ya moto kwa jua. Nilipiga picha kwa simu yangu, nikajipiga na mimi mwenyewe karibu na mwanamke anayesaga mtama. Unajua lini mara ya mwisho nilijisikia vile? Sikumbuki. Nilikuwa naimba chini chini.

Juu kabisa, penye uwazi unaoangalia ziwa, kuna baraza la wazee. Ni sanamu za wazee wa kike na wa kiume wamekaa kwenye vigoda, wamezunguka kama watu wanaosikiliza kesi. Nyuso zao hazikumalizwa vizuri, macho ni mashimo tu, lakini jinsi walivyokaa, mmoja ameshika kidevu, mwingine ameegemea fimbo, utamwamkia mtu kabla hujakumbuka ni jiwe. Nilisimama mbali nikapiga picha. Mmoja wao, upande wa kivuli, alikuwa amefungwa kitenge. Nikadhani wenyeji wamemvika, watu huwa wanafanya hivyo.

Halafu yule wa kitenge akainua mkono akafukuza nzi.

Sikukimbia. Unafikiri mtu anakimbia papo hapo? Nilijiambia ni bibi wa kijijini amepumzika. Nikasogea nimwamkie, kama ulivyo utaratibu. Nikasema shikamoo. Akasema, "Marahaba," na ile marahaba peke yake ikanitosha, kwa sababu sauti ile nimeisikia tangu nikiwa tumboni. Akageuka. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto hakikuwa na ncha. Kilikatwa na mundu wakati wa kuvuna mpunga, mimi nikiwa darasa la tatu, na ni mimi niliyemfunga kitambaa.

Alikuwa mama yangu. Mama yangu ambaye hatujamwona kwa miaka kumi na minne.

Sasa inabidi nikueleze kitu ambacho nilikuwa sijamweleza mtu, la sivyo hutaelewa.

Kaka yangu Shija alikuwa anaishi na mama kijijini. Mwaka ule alifiwa na watoto wawili kwa homa, mmoja baada ya mwingine, na badala ya kuuliza kwa nini zahanati iko mbali, akaenda kwa mganga wa ramli. Mganga akamwambia mbaya wake yuko ndani ya mji wake mwenyewe, na ana macho mekundu. Macho ya mama yalikuwa mekundu, ndiyo. Alipika kwa mabua ya pamba na samadi ya ng'ombe tangu alipoolewa. Ungetaka yawe ya rangi gani? Lakini Shija akampa mpaka Jumapili awe ameondoka, na majirani wakaacha kuitikia salamu zake. Wewe kama ni wa huku unajua kinachofuata kwa bibi wa aina hiyo asipoondoka: anafuatwa usiku kwa mapanga.

Akaja kwangu Nyakato na mfuko wa salfeti, ile ya kuwekea nafaka. Mimi nilikuwa nimejifungua Neema, ana wiki tatu.

Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nilikuwa na chumba kimoja. Ni kweli, chumba kilikuwa kimoja. Lakini mume wangu, ambaye ndugu zangu walimsema vibaya mpaka anakufa, alisema mama akae, tutatundika pazia katikati. Mimi ndiye niliyekataa. Na sikukataa kwa sababu ya chumba. Nilikuwa nimeamini. Unanisikia? Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne, ninayeimba kwaya, niliyatazama macho ya mama yangu mlangoni nikaamini maneno ya mganga ambaye sijawahi kumwona. Mama alinyoosha mikono ampokee mjukuu wake, na mimi nikageuza bega, nikamfunika mtoto kwa khanga.

Aliona. Aliishusha mikono yake taratibu, akajifanya anapangusa gauni.

Nikampa maji ya kunywa. Nikamwambia aende kwa mdogo wake kule Magu, akae huko kidogo nikiongea na Shija. Jioni ile ile nikamsindikiza kituoni. Wiki mbili baadaye ndipo tulipojua kwamba kwa mdogo wake hakufika. Nilitangaza kanisani. Nilikwenda polisi mara moja. Shija alisema, "Amekwenda kwa wenzake," na mimi nikanyamaza. Nikaendelea kukata samaki.

Sasa huyu hapa, amekaa kwenye kigoda cha jiwe. Hakuwa amezeeka hata siku moja. Kitenge ni kile kile alichokuja nacho, cha maua ya kahawia.

Nikasema, "Mayu." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Sikuweza kusema zaidi.

"Umenenepa," akasema. "Vizuri. Kaa."

Nikakaa chini, kwenye majani makavu, mbali naye kidogo. Utaniuliza kwa nini mbali. Subiri.

Akaniuliza habari za mume wangu, nikamwambia alifariki. Akasikitika, akasema, "Yule alikuwa na roho ya utu." Hakuuliza habari za Shija. Alinitazama kwa macho yale yale mekundu, na niamini, hayakuwa na kitu ndani yake, yalikuwa macho ya mama aliyekaa jikoni.

Nikamuuliza alikwenda wapi siku ile.

"Nilishuka njiani," akasema. "Niliona haya. Mtu mzima kama mimi nimfikie mdogo wangu na mfuko, nimwambie nini? Kwamba watoto wangu wote wawili wamenikataa? Nikatembea. Nikapanda huku nipumzike miguu. Hapakuwa na sanamu wakati ule, mawe tu na pimbi." Akawatazama wale wazee wa mawe kama mtu anavyotazama majirani zake. "Hawa walikuja baadaye. Siku hizi nina wa kukaa nao. Hawasemi, lakini hawaniachi."

Upepo ulikuwa unatoka ziwani, unapuliza majani, na kitenge chake hakikutikisika. Hilo nililiona. Nililiona na bado nikaendelea kukaa, maana ni mama yangu.

Kisha akasema, "Yule mtoto ulimwita nani?"

"Neema."

"Alikuja hapa. Na wenzake wa shule, wamevaa sweta za bluu. Nilimjua kwa masikio, ana masikio ya baba yako. Alisimama hapo ulipokaa, akafunga kamba ya kiatu." Akapaonyesha kwa kidevu. "Alikuwa karibu hivi. Ningeweza kumgusa. Nikakumbuka kwamba hutaki, nikaacha."

Hakusema kwa kunisuta. Kama angenisuta, ningejitetea. Kama angenitukana, ningelia, tukalia wote. Alisema kama mtu anayemweleza mwenye mali kwamba hajagusa kitu chake. Mimi nimefiwa na mume, nimefukuzwa kazi nikarudishwa, nimezika watu. Hakuna neno lililowahi kuniingia kama lile.

Nikaanza kumwambia nisamehe. Nilisema maneno mengi, siyakumbuki. Nikasema, "Twende nyumbani mayu, sasa nina vyumba viwili, twende leo hii." Nilimaanisha. Naapa nilimaanisha.

Akasema, "Haya." Kwa urahisi namna ile. Akajikusanya kama wazee wanavyojikusanya kabla ya kusimama, akaninyooshea mkono nimwinue.

Sikuushika.

Ulikuwa mkono wa mama yangu, na kile kidole kisicho na ncha. Niliuona ukija, nikaona vumbi jeupe la mawe kwenye mikunjo ya kiganja, na mwili wangu wenyewe ukarudi nyuma. Sikuuamrisha. Ulirudi nyuma kama ulivyogeuka mlangoni kwangu miaka kumi na minne iliyopita. Nikaangukia makalio, nikajiburuta.

Akaushusha. Taratibu. Akapangusa kitenge chake.

Hapo ndipo nilipokimbia. Niliteremka kilima kile nikiteleza, nikachanika gauni, kiatu kimoja kikatoka nikakiokota bila kukivaa. Nilimpita mamba, nikampita mpiga ngoma, sikutazama nyuma hata mara moja.

Getini Maduhu alikuwa anapepeta mchele wake kwenye ungo. Akanitazama nilivyo, akasema, "Vipi dada, nyoka?"

"Hapana."

"Na bibi umemwacha juu? Na jua hili?"

"Bibi gani?"

"Mama yako. Nimewaona kutoka hapa, mmekaa pale kwenye baraza. Sikumwona akipita, nikasema labda amekuja kwa njia ya kijijini."

Nisikilize vizuri hapa, maana ndipo pananiuma kuliko kule juu. Kule juu nilishikwa na hofu. Hapa chini, kwenye kivuli, mbele ya mtu anayepepeta mchele, hofu ilikuwa imeanza kupungua. Ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Simjui. Nimekuja peke yangu."

Maduhu akafungua mdomo anijibu, kisha macho yake yakahama. Yakapita juu ya bega langu. Akavua kofia yake.

"Shikamoo bibi," akasema. "Pole kwa mteremko."

Niligeuka. Kulikuwa na njia, majani makavu na mawe. Hakuna mtu.

Lakini Maduhu alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayejibiwa. Akasogeza kiti chake kivulini, akasema, "Karibu, kaa upumzike." Halafu akanitazama mimi, na sitausahau uso ule. Mtazamo ambao watu wa huku humpa mtu aliyemkana mama yake mbele yake.

Niliondoka nikiwa nimeshika kiatu mkononi. Barabarani nikamkuta kijana wa bodaboda. Nikamwambia nipeleke Kisesa haraka. Akasema, "Mishikaki, abiria wawili pikipiki moja, siku hizi wanakamata, lakini bibi ni mwepesi, haina shida. Bibi akae katikati."

Nikamwambia niko peke yangu. Akadhani namtania. Mpaka tunafika Kisesa alikuwa akipunguza mwendo kwenye mashimo, akisema kwa sauti, "Shika vizuri bibi!" Mimi mgongoni mwake nilikuwa nahisi upepo tu. Wala sikuona uzito, wala baridi, wala kuguswa. Labda ungedhani ningehisi kitu. Sikuhisi kitu chochote, na ndivyo ilivyo mpaka leo.

Maana hakuishia kule. Nilipofika nyumbani, Mama Rehema, jirani yangu wa chumba cha pili, alikuwa anachagua dagaa uani. Akainuka, akapangusa mikono, akaamkia kwa heshima zote, halafu akaninong'oneza, "Hukutuambia una mgeni. Ni mama yako? Mmefanana!" Mlinzi wa kiwandani kazi ilipofunguliwa aliniuliza kwa nini namwacha bibi kizee asimame juani nje ya geti. Watoto wa mtaani wanamwamkia. Mimi simuoni. Nimegeuka ghafla, nimetazama kwenye kioo, nimekaa gizani nikimwita. Simuoni, simsikii. Picha nilizopiga siku ile zina sanamu tu.

Wiki ya pili nilirudi kule na mchungaji. Maduhu alikuwa bado ananitazama kwa jicho baya, lakini mchungaji alipomweleza akalegea, akakaa chini. Akatuambia kwamba walipokuwa wanasafisha pale juu waweke baraza la wazee, walikuta mifupa chini ya jiwe kubwa, imejikunja kama mtu aliyelala ubavu. Polisi walikuja, hakuna aliyeijua, kijiji kikaizika pembeni ya kilima. Nikamuuliza kama kulikuwa na kitu kingine.

"Mfuko wa salfeti," akasema. "Ulikuwa umeoza. Ndani kulikuwa na nguo, na sweta dogo la mtoto mchanga, la njano. Lilikuwa bado kwenye nailoni yake, halijavaliwa. Tulimzika nalo."

Alikuwa amemletea Neema. Nilimwondosha mlangoni kwa haraka kiasi kwamba hakupata hata nafasi ya kufungua mfuko.

Tulimwombea, tukaweka msalaba wenye jina. Mchungaji alisema sasa amepumzika. Tulipokuwa tunaondoka, Maduhu alitusindikiza mpaka barabarani, akatuaga sisi wawili, kisha akainamisha kichwa akaaga mara ya tatu.

Neema ndiye aliyenimaliza. Siku ile ya kwanza alirudi kutoka shuleni giza limeshaingia, lakini kesho yake jioni aliingia ndani akaniuliza, "Mama, yule bibi aliyesimama nje ya mlango ni nani? Nimemkaribisha, anasema mpaka mwenye nyumba aseme." Nikatoka mbio mpaka mlangoni nikasema karibu mayu, ingia, nakuomba ingia. Nikasema mpaka sauti ikakauka, na Neema amesimama nyuma yangu ananitazama. Nikamuuliza, "Ameingia?" Akasema, "Anakuangalia mikono."

Niliitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeikunja kifuani.

Nikamweleza Neema yote. Baadaye nikamweleza na habari za sweta. Hakulia, hakunigombeza. Alichukua kile kiti chetu kizuri chenye mto, akakiweka nje, pembeni ya mlango. Tangu siku ile anapakua sahani moja zaidi. Mimi ananiamkia, ananiambia anapotaka daftari, basi. Ana miaka kumi na minne na ananitazama kama Maduhu.

Na Shija? Najua ulikuwa unasubiri niseme amepatwa na nini. Hajapatwa na kitu. Alikuja Pasaka, mnene, ana ng'ombe na trekta. Alikaa juu ya kiti kile kile, Neema akipiga kelele, "Mjomba, usikae hapo!" Akakaa, akala ugali na sato, akajamba, akalala usingizi wa mchana. Hakuona mtu, na hakuna anayeona mtu nyuma yake. Nilikesha siku nyingi nikiuliza kwa nini mama ananifuata mimi na si yeye aliyemfukuza. Siku hizi nadhani najua. Shija alikuwa ameshajitoa, mama hakutegemea kitu kwake. Kwangu alikuja.

Jioni nikiwa ndani napika, huwa nasikia Neema anaongea huko nje. Anasimulia mambo ya shule, walimu, nani kafeli hesabu. Halafu ananyamaza kama mtu anayesikiliza, halafu anacheka kwa sauti, kicheko ambacho mimi sijawahi kumpa. Nikitoka na sahani, ananyamaza. Anatazama kile kiti, kisha ananitazama mimi, anasubiri nirudi ndani ili waendelee.

Narudi ndani.

Basi wewe unayenisikiliza, sikukatazi kwenda kutazama sanamu. Nenda, ni pazuri. Ninachokuonya ni hiki: kama kwenu kuna mzee ambaye watu wameanza kumnong'ona, usingoje Jumapili ifike wala usiseme utaongea na kaka yako kwanza. Mfuate leo, akiwa bado ni mtu wa kuonekana na kila mtu, na wewe ukiwemo.